Miaka 14 mbele ya ufuko mmoja

Picha yangu ya kwanza ya bahari niliichora chumbani, dirisha likiwa limefungwa. Nilikuwa na picha tatu za kamera: moja ilinipa anga, ya pili mawimbi, ya tatu mashua. Nikaziunganisha. Maji nikayapaka buluu kama ilivyotoka kwenye tyubu, kila wimbi nikalivisha povu jeupe, na jua nikalizamisha katikati kabisa ya picha. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu, na nilipoimaliza niliipenda kwa moyo wote. Nikaipeleka kwa mchoraji mmoja mzee niliyekuwa nikimheshimu tangu utotoni. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hapa ulikuwa umesimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipoitazama upya nikaanza kuona alichokiona yeye. Mwanga wa angani ulitoka kushoto, lakini kivuli cha mashua kilisema jua liko nyuma yangu. Mawimbi yalikuwa yametazamwa kutoka juu, kama na mtu aliyepanda jabali, ilhali mashua ilitazamwa na mtu aliye majini hadi kifuani. Hakuna binadamu aliyewahi kuiona bahari ile.

Nimechora pwani kwa miaka 14 sasa, na katika miaka minane ya mwisho ndiyo iliyonilisha. Vijana wengi hunionyesha kazi zao, na ndani yake nakuta makosa yaleyale niliyoyafanya, mengine kwa machozi na mengine kwa hasara ya pesa. Nayaandika hapa kwa mpangilio yalivyonipata.

Wiki iliyofuata nilikwenda ufukweni na kila nilichokuwa nacho: turubai ya kuchorea ya upana wa mita moja, kiegemeo kirefu cha mbao cha kuisimamishia, tyubu 24 za rangi za mafuta na kopo la tapentaini. Turubai kubwa kwenye upepo wa bahari ni tanga. Iling'oka mara mbili, na mara ya pili ikaanguka kifudifudi mchangani rangi ikiwa mbichi. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba katika picha ya ufuko wa Trouville, Ufaransa, ambayo Claude Monet aliichora mwaka 1870, na ambayo sasa iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery mjini London, zimekutwa punje za mchanga ndani ya rangi. Nilifarijika, lakini niligundua jambo jingine pia: picha ile haifiki hata nusu mita kwa upana. Monet alijua ukubwa wa kubeba.

Nami nikapunguza. Leo natoka na vibao vyembamba vya sentimita 20 kwa 25, kisanduku chenye rangi sita, brashi nne, na kiegemeo cha miguu mitatu. Chini ya kiegemeo naning'iniza mfuko niliojaza mchanga palepale ili upepo usikichukue. Jua nalizuia lisipige kibao moja kwa moja. Hili lilinigharimu karibu mwaka mzima kulielewa: kibao kikiwa juani, kila rangi huonekana angavu, kwa hiyo unaichanganya nzito kupita kiasi, na ukiifikisha picha ndani ya nyumba unakuta imekufa, ina giza tupu. Geuza mgongo kwa jua ili kivuli chako kifunike kibao, au tumia mwavuli mweupe. Mwavuli wa rangi humwaga rangi yake juu ya kila unachochanganya.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la maji. Nilianza picha ya mwamba uliopasuka, na kidimbwi mbele yake, saa tisa alasiri. Kesho yake nilirudi saa tisa kamili, nikakuta kidimbwi kimebadilika umbo. Nikarekebisha. Siku ya tatu nikarekebisha tena. Baada ya wiki moja, saa tisa hiyohiyo, mwamba wenyewe ulikuwa umezama na picha yangu imekuwa tope la kijivu kwa kusahihishwa. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu nami alikuwa ameniona siku zote hizo. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Bahari haifuati saa yako, inafuata mwezi."

Nilikuwa nimeishi karibu na maji bila kulijua hilo kwa hesabu. Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpya au mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na miamba ambayo hujawahi kuiona hujitokeza. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Baada ya siku 14 au 15 mzunguko hurudi, na ile hali ya maji uliyoiona saa tisa utaikuta tena karibu na saa tisa. Tangu nilipojua hilo sijawahi tena kulazimisha picha moja kwa siku saba mfululizo. Nina vibao kadhaa vinavyosubiri, kila kimoja na maji yake, na daftari linaloniambia siku ya kukirudia.

Jedwali la maji, lile linaloonyesha saa za kujaa na kupwa, linaweza pia kukuokoa maisha. Mwaka wangu wa tatu nilikaa nyuma ya mwamba nikichora, nimezama katika kazi, nami sikutazama nyuma hata mara moja. Maji yalipita upande wa pili yakanizunguka. Niliacha kiegemeo, kisanduku na vibao vitatu nikavuka maji yakiwa kiunoni, na mwili ulitetemeka hadi usiku. Monet huyohuyo alikumbwa na balaa la aina hiyo kule Étretat, Ufaransa, Novemba 1885: alikosea wakati wa maji kujaa, wimbi likambamiza kwenye jabali alipokuwa akichora chini yake na kumpokonya vifaa vyake. Kabla ya kufungua kisanduku, jua maji yanakwenda wapi, tambua njia yako ya kutokea, na mwambie mtu mmoja mahali ulipo.

Baada ya hapo nilijifungia kwenye ufuko mmoja. Mwaka wa nne wote nilichora mahali pamoja, hatua chache kutoka kwenye ule mwamba uliopasuka. Wenzangu walidhani nimeishiwa na mambo ya kuchora. Kumbe ndipo nilipoanza kuona.

Jambo la kwanza ni kwamba bahari si buluu, au tuseme haina buluu moja. Maji yaliyo miguuni pako ni dirisha: jicho linapenya hadi chini na unaona mchanga, mwani na mawe. Inua macho taratibu, utaona dirisha hilo linageuka kuwa kioo, maji yanaacha kuonyesha kilicho chini yake na kuanza kuakisi anga. Halafu mbali zaidi kuna jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipolipima kwa macho siku nyingi. Kwa kuwa mawimbi yana migongo iliyoinamia upande wako, hayaakisi anga lililo karibu na upeo; yanaakisi anga la juu zaidi, ambalo kwa kawaida ni zito kuliko lile la chini. Ndiyo maana siku nyingi bahari ya mbali ina giza kuliko anga linaloigusa. Picha zangu zote za awali zilikuwa kinyume cha hivyo, na ndiyo maana maji yangu yalionekana kama ukuta uliosimama.

Povu nalo. Nililipaka jeupe kila mahali, kwa sababu kila mtu anajua povu ni jeupe. Lakini povu lililo kivulini, ule upande wa wimbi ambao jua halifiki, ni kijivu chenye buluu ndani yake, na ukilinganisha na mchanga mkavu unaowaka juani utakuta mchanga ndio wenye mwanga zaidi. Jeupe safi nalitunza hadi mwisho, niliweke mahali pamoja, pengine pawili. Mashua yenye giza huakisiwa majini ikiwa imepungua giza kidogo, na tanga jeupe huakisiwa likiwa limepungua mwanga kidogo. Kwa mwanga, mchanga mkavu na mchanga uliolowa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wimbi linalovunjika lilinisumbua kuliko vyote. Nilikuwa nalikimbiza: nachora mstari, limeshaanguka, nachora mwingine, halipo. Kilichonisaidia ni kujua kwa nini linaanguka. Wimbi likiingia kwenye maji ambayo kina chake kinazidi kimo cha wimbi kidogo tu, haliwezi tena kujibeba, linavunjika. Sakafu ya bahari haihami kwa saa moja, basi mawimbi yenye kimo kimoja huvunjikia karibu mahali palepale. Kwa hiyo usilifuate wimbi, litazame lile eneo. Acha mawimbi 20 yapite bila kugusa brashi. Utaanza kuona umbo linalojirudia: ncha nyembamba juu, ambapo mwanga wa jua lililo nyuma yake unapenya na kuwa kijani cha kung'aa; chini ya mkunjo, giza zito kuliko yote pichani, halafu povu lililolala, lenye matundu kama wavu. Hilo ndilo unalichora.

Na upeo wa macho. Siku moja nilikuwa nimekaa mchangani, nikasimama kunyoosha miguu, nikaona mstari wa bahari umepanda pamoja nami. Upeo upo daima kwenye kimo cha jicho lako. Mtu mzima akisimama ukingoni mwa maji, upeo wake uko umbali wa chini kidogo ya kilomita 5; akikaa, unashuka naye na kumsogelea. Ukiwa umesimama kwenye ufuko tambarare, vichwa vya watu wenye kimo chako waliosimama ufukweni hapo vyote hugusa mstari wa upeo, aliye hatua 10 na aliye hatua 200. Hapo ndipo nilipolielewa swali la yule mzee. Mahali uliposimama ndipo panapoamua mstari wa bahari, ukubwa wa mashua, rangi ya maji, upande wa kivuli, kila kitu. Nikamwendea nikamwambia. Alitabasamu akasema, "Sasa chora."

Kuna mazoezi mawili ambayo nayashikilia hadi leo. La kwanza ni kufumba macho nusu na kuigawa bahari katika sehemu tatu tu za mwanga: angavu, ya kati na nzito. Nilifanya hivyo kwa penseli miezi mitatu bila rangi yoyote, na ilikuwa miezi migumu kwa sababu rangi ndizo zilizonivuta kwenye kazi hii. La pili nilijifunza kwa Eugène Boudin, mchoraji aliyezaliwa Honfleur, Ufaransa, mwaka 1824, yule aliyemvuta Monet akiwa bado kijana kwenda kuchora nje. Kwenye michoro yake ya anga Boudin aliandika tarehe, saa na upepo. Nami naandika nyuma ya kila kibao: saa, hali ya maji, umri wa mwezi, upepo, na mahali niliposimama. Siku nikitaka kugeuza kibao kuwa picha kubwa, maandishi hayo hunisaidia kuliko kamera.

Niseme pia kuhusu vifaa, kwa sababu kosa langu moja lilimwumiza mtu mwingine. Mwaka wa tano nilimuuzia familia moja picha ya machweo yenye wekundu uliokuwa ukiwaka. Baada ya miaka mitatu wakanirudishia, bila hasira, wakiwa na huzuni tu: wekundu ulikuwa umepauka, anga limebaki njano hafifu. Nilikuwa nimetumia alizarini, rangi inayopendeza sana ikiwa mbichi lakini huchakaa kwenye mwanga, hasa ikipakwa nyembamba au ikichanganywa na nyeupe, na mimi niliifanya yote mawili. Mchoraji Mwingereza William Turner naye alitumia rangi nyekundu zisizodumu, na baadhi ya anga zake leo hazina tena ule wekundu aliouweka. Sikuwa na haki ya kujificha nyuma ya jina lake. Niliichora picha ile upya bila malipo.

Tangu hapo nasoma maandishi madogo ya kwenye tyubu kabla ya jina zuri lililoandikwa mbele. Rangi za wasanii huwa na alama ya ustahimilivu wa mwanga. Kwa kipimo cha ASTM, shirika la Marekani la kuweka viwango, natumia daraja la I na II pekee, yaani zinazodumu zaidi. Kwa wekundu wa machweo nilihamia kwenye rangi za jamii ya kwinakridoni. Na kila rangi mpya naijaribu: napaka ukanda kwenye karatasi, nusu yake naifunika kwa karatasi ya alumini, naiacha dirishani miezi kadhaa. Ukifunua, rangi yenyewe itakueleza.

Mengine kwa ufupi. Usipake akriliki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Tabaka za mafuta ziende kutoka lenye mafuta machache kwenda lenye mafuta mengi, la sivyo la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka. Kama rangi imepakwa kwa unene, vanishi ya mwisho isubiri miezi 6 hadi 12. Ukiishi karibu na chumvi, usifunge turubai kwa pini za chuma cha kawaida. Zangu zilishika kutu na madoa yakatokeza pembeni mwa picha nne.

Niliacha kazi ya mshahara mwaka wa sita nikiwa na akiba ambayo kwa hesabu yangu ingenifikisha miezi minane. Iliisha mwezi wa tano. Sikuwa nimehesabu fremu, usafiri, karatasi za kufungia, wala zile wiki ambazo mvua inanyesha na hakuna picha inayotoka. Kama ningerudi nyuma ningebaki na kazi ile siku tatu za wiki kwa miaka miwili zaidi. Mtu mwenye njaa haoni bahari, anaona atakayeinunua.

Na hivyo ndivyo nilivyopotea. Picha moja ndogo ya mashua nyeusi mbele ya machweo iliuzwa siku ileile nilipoipeleka kwenye nyumba moja ya sanaa. Mwenye nyumba akaniambia, "Niletee nyingine kama hii." Nikaleta. Zikaisha. Katika miaka miwili nilichora machweo 61 ya namna hiyo, na kuanzia la kumi hivi sikuhitaji tena kwenda ufukweni. Nilizichora chumbani, dirisha limefungwa, nne kwa siku moja, rangi zilezile kwenye vikopo vilevile. Familia ilikula, ada zilikwenda shule, na sitamlaumu mchoraji yeyote anayefanya hivyo ili watoto wale. Lakini mkono wangu ulianza kufa. Siku niliyotaka kuchora asubuhi ya ukungu nilikuta vidole vinapeleka brashi kwenye machungwa na nyeusi vyenyewe.

Boudin alipitia jambo linalokaribiana na hilo. Kuanzia miaka ya 1860 alichora matajiri waliokwenda kupumzika ufukweni Trouville, wanawake wenye magauni mapana, na picha hizo zilipata wanunuzi. Yeye mwenyewe aliwahi kuchoshwa nazo. Lakini hakuacha anga, mashua na watu wa kazi wa pwani. Aliendelea navyo hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1898. Mimi niliacha, na hapo ndipo tulipotofautiana. Ningeshauri hivi: kama una picha inayouzwa, iuze, lakini weka siku ambazo ni za bahari tu, na siku hizo usimuuzie mtu.

Pesa nazo zilinifundisha. Nyumba ile ilichukua nusu ya bei ya kila picha, na nusu yangu ilikuja baada ya picha kuuzwa, si kabla. Nilipopiga hesabu ya fremu, rangi na saa zangu, niligundua kwamba picha ndogo zilikuwa zikinila. Isitoshe, niliwapa picha 12 za mwisho kwa kuaminiana, bila karatasi. Nyumba ilipofungwa nilirudishiwa tisa. Tatu sikuziona wala malipo yake. Sasa siachi picha popote bila orodha iliyosainiwa na pande zote mbili: kila picha na jina lake, vipimo, bei, asilimia ya muuzaji, tarehe ya kulipwa, tarehe ya kurudishwa, na nani atabeba hasara ikiharibika mikononi mwao. Bei naipanga kwa ukubwa, kwa kipimo kimoja, na ni ileile nyumbani kwangu na kwenye maonyesho. Niliwahi kumuuzia mtu kwa bei ya chini mlangoni, habari zikamfikia aliyelipa kamili, na uhusiano ule haukupona.

Baada ya nyumba ile kufungwa sikuchora kwa miezi mitano. Niliamka asubuhi nikaona brashi nikageuza uso. Sikujua kama ni uchovu au mwisho.

Kilichonirudisha ni Ivan Aivazovsky, mchoraji mzaliwa wa Feodosia, Crimea, aliyeishi kati ya 1817 na 1900 na kuacha picha zinazokadiriwa kufikia 6,000, nyingi zikiwa za bahari. Aliamini kwamba mwendo wa maji ni wa haraka mno kunaswa papo hapo, kwa hiyo alitazama, akarudi studio, akachora kutoka kwenye kumbukumbu. Mwanzoni nilidhani hilo ndilo nililokuwa nikifanya na machweo yangu. Sivyo. Yeye alikuwa na bahari kichwani. Mimi nilikuwa na picha yangu ya jana. Nikaanza zoezi dogo: kusimama dakika kumi natazama bila kushika kitu, kisha kuipa bahari kisogo na kuchora kwa dakika 20 bila kugeuka. Za mwanzo zilikuwa mbaya sana. Baada ya wiki kadhaa niligundua kwamba kuna vitu ambavyo kumbukumbu yangu hudondosha kila mara, mashua, watu, mawingu yenye maumbo mazuri, na kuna vitu ambavyo haiviachi: ule ukanda wa mchanga uliolowa maji yanapopwa, unaoakisi anga la kijivu, na mstari wa giza wa bahari juu yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetafuta mtindo kwa miaka. Mwaka mmoja mzima nilitaka kuwa Joaquín Sorolla, yule mchoraji wa Valencia, Hispania, mwenye vitambaa vyeupe vinavyowaka juani na vivuli vya zambarau. Nilimnakili sana, na kunakili kulinifundisha mengi ambayo nisingeyapata kwingine. Nakushauri unakili, ila usiziuze nakala. Tatizo ni kwamba nilipaka vivuli vyake kwenye ufuko wangu, wenye ukungu asubuhi nyingi na vivuli vilivyofifia. Mwanga ule niliutoa kitabuni. Nilikuwa nimesimama tena mahali ambapo sikuwapo.

Mchoraji aliyenipa ujasiri wa kubaki ni Winslow Homer. Mwaka 1881 na 1882 aliishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Uingereza, akichora wanawake na wanaume wanaoikabili bahari. Mwaka 1883 akahamia Prouts Neck, Maine, nchini Marekani, na hapo palikuwa kwake hadi alipofariki mwaka 1910. Ukizipanga picha zake za pwani ile kwa miaka, utaona watu wanapungua na maji yanaongezeka, mpaka katika nyingi za baadaye umebaki mwamba na wimbi. Kwa wale wanaoniambia wamechelewa, huwatajia Alfred Wallis wa St Ives, Uingereza, baharia aliyeanza kuchora akiwa na miaka 70 hivi, kwenye vipande vya kadibodi, kwa rangi za kupaka mashua.

Maonyesho yangu ya kwanza baada ya hapo yalikuwa na picha 18, zote za ufuko mmoja, nyingi za kijivu, hakuna machweo hata moja. Ziliuzwa nne. Nilikosa usingizi wiki nzima nikijiuliza kama nimeitupa riziki ya watoto. Ya pili, miezi 20 baadaye, ziliuzwa 11. Siku ya mwisho mama mmoja aliingia, akasimama mlangoni, akanyoosha kidole kwenye picha iliyokuwa ukuta wa mbali, akamwambia mwanawe, "Ile ni ya yule wa mchanga uliolowa." Hakuwa amesoma jina. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kwa muda.

Machweo moja moja huchora bado, nikiwa ufukweni, jua likizama kweli. Yule mzee sasa haoni vizuri, na nikimpelekea kibao hukigeuza kwanza anisomee mimi mwenyewe maandishi ya nyuma, kwa sauti, akisogeza uso karibu na mbao. Cha juzi aliyasoma mara mbili: "Saa 12:40 asubuhi. Siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yanapwa. Upepo mwepesi kutoka kushoto, ukungu hadi upeoni. Nimesimama majini, magotini, mwamba uliopasuka uko kulia kwangu."